Mafunzo Niliyopata Kando ya Chungu cha Ayahuasca

Kila anayesikia kwamba nilikwenda Peru kwa waganga huniuliza swali lilelile: "Na wewe ulikunywa?" Sikunywa. Wengi wakishasikia hivyo hamu ya mazungumzo huwaisha, maana walitaka habari za majoka ya rangi rangi na roho za marehemu. Siwalaumu. Ila mimi ni mfamasia, mzaliwa wa Tanga, mjukuu wa mganga wa miti shamba wa Lushoto, na huko nilikwenda na wenzangu nikiwa mwanafunzi wa mimea dawa katika chuo kimoja cha Ulaya. Nilitaka kujua watu wanawezaje kuitunza dawa kali vizazi na vizazi bila kuiandika popote. Niliyoyapata nayaweka hapa jinsi yanavyonijia.

1. Kaa jikoni kwanza

Ayahuasca, dawa ya maono inayonywewa na makabila ya Amazon, huanza na jasho. Kijiji tulichofikia, cha Washipibo, mojawapo ya makabila hayo, kiko kando ya ziwa Yarinacocha, nje kidogo ya Pucallpa, mji wa mbao ulio kando ya mto Ucayali, wenye malori ya magogo na pikipiki za magurudumu matatu ambazo mtu wa kwetu angeziita bajaji bila kusita. Kutoka bandari ndogo ya Puerto Callao tulivuka kwa mtumbwi wa injini, na tulipofika tu nikakabidhiwa rungu.

Kazi ilikuwa kuponda. Mmea wenyewe, Banisteriopsis caapi, hupanda miti mikubwa, na shina lake lililokomaa limejisokota kama kamba ya jahazi. Kwanza unakwangua ganda la nje kwa kisu, taratibu, bila kuumiza nyama ya ndani. Kisha unakiweka kipande juu ya gogo na kukiponda mpaka kiachane nyuzi nyuzi. Mikono ilinitoka malengelenge kabla ya saa nne asubuhi, na vijana wa pale wakacheka. Nyuzi hizo hupangwa kwenye sufuria kubwa kwa tabaka, nyuzi kisha majani, nyuzi kisha majani, ndipo maji yanamiminwa na moto unawashwa. Inachemka kutwa nzima. Wanachuja, wanarudisha motoni, wanachuja tena, mpaka maji yaliyojaa sufuria yanabaki kiasi cha chupa chache za kimiminika kizito, rangi ya udongo, chenye uchungu unaousikia puani kabla hujauonja.

Majani yale ni ya chacruna, Psychotria viridis, nayo yana kemikali iitwayo DMT. Ukiyachemsha peke yake na kuyanywa hupati kitu, kwa sababu kwenye utumbo na ini mna kimeng'enya kiitwacho MAO ambacho huivunja DMT kabla haijafika mbali. Shina ndilo lenye harmini na jamaa zake, zinazokizuia kimeng'enya hicho kwa saa kadhaa. Majani bila shina hayafiki popote. Waliwezaje kuikutanisha mimea hii miwili katika msitu wenye maelfu kwa maelfu ya mimea? Wazee wa pale wana jibu moja: mimea yenyewe iliwaambia. Wasomi wana dhana zao. Nimezisoma, na hakuna iliyoniridhisha kuliko jibu la wazee, ingawa kwenye mtihani siwezi kuliandika.

Mwingereza Richard Spruce alikuwa miongoni mwa wasomi wa kwanza wa mimea kuifuatilia dawa hii kwa makini. Mwaka 1852, kwenye mto Uaupés upande wa Brazil, aliukusanya mmea huu na kuupeleka Uingereza. Zaidi ya miaka 100 baadaye wanakemia wakavipima vijiti vyake vikavu, na harmini bado ilikuwamo. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, kemikali hiyohiyo ilitolewa kwenye mmea huu huko Kolombia na kupewa jina la telepatina, kwa imani kwamba humwezesha mtu kusoma mawazo ya mwenzake. Kumbe ilishajulikana tangu miaka ya 1840 kutokana na mbegu za harmal, zilezile zinazofukizwa Uajemi kufukuza husuda.

2. Taja kila unachomeza

Mganga mwenyeji wetu nitamwita Bibi, kwani ndivyo nilivyomwita. Mkwewe alikuwa akitafsiri Kishipibo kwenda Kihispania. Nilidhani atatuuliza tumekuja kutafuta nini. Aliuliza: "Nani anameza vidonge?"

Mimi nameza. Fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi, tangu sonona iliponiangusha baada ya kufiwa na mama. Wafamasia nao huugua, japo kwetu ugonjwa huu bado unasemwa kwa kunong'ona. Nilimwambia Bibi mbele ya wenzangu. Akatikisa kichwa. Utakaa, akasema, utasikiliza, utasaidia jikoni, lakini hutakunywa. Dawa yako na yangu zitagombana, na uwanja wa ugomvi ni mwili wako.

Lugha ya darasani inasema jambo hilohilo. Fluoksetini huongeza serotonini kwenye mishipa ya fahamu. Harmini hukizuia kimeng'enya ambacho kazi yake mojawapo ni kuiondoa serotonini iliyozidi. Vikikutana, serotonini inaweza kupanda mpaka joto la mwili likapaa, misuli ikatetemeka na kukakamaa, moyo ukaenda mbio, akili ikavurugika, na mtu akafa. J. C. Callaway na Charles Grob waliandika onyo hilo mwaka 1998, na nina hakika Bibi hajawahi kulisikia jina la hata mmoja wao. Kwake ni mambo aliyoyaona wageni walipoanza kumiminika.

Orodha ya dawa zenye hatari ni ndefu: karibu jamii nzima ya dawa za sonona, tramadol ambayo watu wetu wanaimeza ovyo, pethidini, litiamu, sharubati za kikohozi zenye dekstromethofani, na mmea wa Ulaya uitwao Hypericum unaouzwa kama chai ya kutuliza moyo. Na kuacha dawa ghafla ili "mwili uwe safi" ni hatari nyingine. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu. Madaktari huhesabu wiki 5 au zaidi tangu kidonge cha mwisho, na katika wiki hizo sonona inaweza kurudi na hasira. Uamuzi huo ni wa mtu na daktari wake, kwa sababu za tiba, wala hauamuliwi na tarehe ya tiketi ya ndege. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, ujauzito, au historia ya skizofrenia na magonjwa ya jamii hiyo, yeye mwenyewe au katika ukoo wake, namshauri akae mbali na kikombe kabisa.

3. Kunywa ni kazi ya mganga

Nilitegemea kukuta watu wameketi duara wakipokezana kikombe, kama inavyoonyeshwa kwenye filamu. Usiku wangu wa kwanza alikunywa mtu mmoja tu, naye ni Bibi.

Mgonjwa alikuwa mvuvi wa makamo aliyesumbuliwa na tumbo. Alilala kwenye mkeka katikati ya banda kubwa la makuti wanaloliita maloka. Bibi aliketi kwenye kigoda, akawasha sigara nene ya mapacho, tumbaku kali ya kwao, akaupulizia moshi mdomo wa chupa na kuupigia mluzi kwa muda, mluzi mwembamba karibu usisikike. Akamimina kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, akakigugumia kwa mkupuo mmoja, akakunja uso na kutema mate. Taa ikazimwa. Kwa nusu saa au zaidi tulisikia vyura tu, na mbu.

Kisha Bibi akaanza kupiga miayo. Miayo mikubwa, ya sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikadhani usingizi umemzidi. Mkwewe akaninong'oneza kwamba ndivyo dawa inavyofika. Mara wimbo ukatoka, sauti nyembamba ya juu ambayo sikuitarajia kwa kikongwe mwenye kifua kizito vile. Nyimbo hizi huitwa ikaro. Aliimba akiwa ameelekea tumbo la mvuvi, akanyamaza, akampulizia moshi utosini, akabadili wimbo. Katikati ya usiku alitoka nje, tukamsikia akitapika, akarudi na kushika wimbo palepale alipouachia. Mvuvi alikuwa anakoroma.

Asubuhi alipewa majani ya kuchemsha, akakatazwa nguruwe na pilipili, na akaambiwa aende zahanati akapimwe choo. Ndiyo, zahanati. Mganga aliyekesha akiangalia tumbo la mtu kwa macho ya dawa aliona pia kuna la kupimwa kwa hadubini.

Miongoni mwa Washipibo huu ulikuwa utaratibu wa kawaida: mganga hunywa ili aone, mgonjwa huletwa ili aonwe. Mtu wa Pwani hatashangaa. Anayepiga bao la ramli ni mganga, na hakuna mgonjwa anayedai apewe bao alipige mwenyewe. Makabila mengine ya Amazon yana desturi zao. Watukano, kwa mfano, hunywa wengi pamoja katika sherehe zao. Lakini katika nyumba nyingi za kupokea wageni kila mtu hunywa kila usiku, kwa kuwa ndicho alicholipia. Sisemi ni uongo. Ni utaratibu mpya uliovikwa nguo za zamani, na anayekwenda ajue hivyo.

4. Miiko ndiyo shule

Hapa ndipo nilipokaa zaidi, na ndipo wageni wengi wanapopita mbio. Hakuna mtu anayekuwa mganga wa Kishipibo kwa kunywa ayahuasca mara nyingi. Anakuwa mganga kwa kushika miiko. Mwanafunzi hutengwa kwenye kibanda, mbali na watu, akinywa mmea mmoja aliochaguliwa na mwalimu wake: bobinsana, au ajo sacha yenye harufu ya kitunguu saumu, au tumbaku yenyewe. Wiki, miezi, wengine mwaka na zaidi. Chakula ni samaki na ndizi mbichi za kuchoma au kuchemsha. Chumvi hakuna, sukari hakuna, mafuta, pilipili na nguruwe hakuna. Pombe na tendo la ndoa ni mwiko. Akiushika mwiko vizuri, mmea humfundisha wimbo wake, na wimbo huo ndio chombo chake cha kazi. Akiuvunja, dawa humgeukia.

Bibi alianzia utotoni, kwa baba yake. Nilipomuuliza ni mimea mingapi ameifungia, alianza kuhesabu kwa vidole, akafika mahali akaacha, akasema mingine haitajwi jioni.

Aliniruhusu nishike sehemu ndogo ya miiko ya chakula, bila mmea wowote, ili nijue ninachoandika. Mtu wa Tanga, aliyelelewa kwa tui la nazi na achari ya ndimu, aliwekewa samaki wa maji baridi asiye na hata punje ya chumvi! Siku za kwanza nilikuwa na hasira isiyo na sababu. Nilikuwa nikiota sambusa. Baadaye kitu kikatulia. Nikaanza kutofautisha kwa ulimi samaki wa ziwani na wa mtoni, ndizi ya jana na ya leo. Nikawa nasikia hatua za mtu kabla hajatokea. Hapo nikaelewa jambo ambalo vitabu vyangu havikunipa. Mtu anayetaka kuona katika giza ugonjwa wa mwenzake hufundishwa kwanza kutulia na kutaka kidogo. Miiko hiyo wenyewe huiita dieta. Nyumba za wageni huituma kama orodha ya vyakula vya kuacha wiki moja kabla ya safari, na mtu huikagua kama masharti ya viza.

Kwa hiyo mtu akijitambulisha kwako kama mganga wa ayahuasca, awe Mperu au Mzungu wa Barcelona, muulize amefundishwa na nani, alifungia mimea gani, kwa muda gani, na mwalimu wake yuko wapi leo. Bibi hakuudhika nilipomuuliza. Alinitajia ukoo mzima. Wanaoudhika ni wengine.

5. Uliza nini kingine kimo chunguni

Kuna mmea uitwao toé ambao baadhi ya watu huuongeza kwenye chungu ili maono yawe makali. Bibi alikataa hata kuuzungumzia ndani ya nyumba. Toé ni Brugmansia, yenye skopolamini. Hukausha kinywa, hupanua mboni, huvuruga mapigo ya moyo, na humfanya mtu azungumze na watu wasiokuwapo huku akiamini wapo kweli. Kesho yake hakumbuki kitu. Kipimo kinachopumbaza na kinachoua havipishani sana.

Msomaji wa Lushoto au Marangu anaujua mmea huu bila kujua. Ndiyo yale maua makubwa yanayoning'inia kichwa chini kwenye nyua, meupe au ya rangi ya chungwa, yanayonukia jioni. Mnanaha unaoota kwenye majalala ni jamaa yake na una sumu hiyohiyo. Watoto wasichezee mbegu zake, na mtu mzima asiyefundishwa asijaribu kitu chochote hapo.

6. Soma utafiti mpaka mwisho

Hili linanihusu mwenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa mji wa Natal, Brazil, walichapisha matokeo ya jaribio la ayahuasca kwa watu 29 ambao sonona yao ilikuwa imekataa dawa za kawaida. Watu 14 walipewa ayahuasca, 15 wakapewa kinywaji cha bandia. Hicho cha bandia kilitengenezwa kwa ufundi: rangi ya udongo, kichungu, na ndani kikatiwa zinki ili tumbo lichafuke na mtu asigundue. Baada ya siku 7, asilimia 64 ya waliokunywa ayahuasca walikuwa wamepata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 27 ya wenzao.

Nilipousoma mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Nikausoma tena kwa kalamu. Ni watu 29. Ni dozi moja na siku 7. Walichujwa kabla, wenye historia ya kurukwa na akili wakaondolewa, hakuna aliyekuwa anameza dawa za sonona wakati huo, na walilazwa wakiangaliwa na wataalamu. Na ile asilimia 27 ya kinywaji bandia nayo ina habari yake: watu waliopewa maji machungu, wakapokewa vizuri na kukaliwa karibu, wapo waliopata nafuu. Matokeo hayo yanatia moyo, nami naufuatilia utafiti huu kwa karibu. Lakini hayasemi lolote kuhusu chupa iliyonunuliwa mtandaoni na kunywewa sebuleni.

7. Mgeni njoo, mwenyeji apone

Methali hii niliikumbuka sana Pucallpa, kwa sababu sikuwa na hakika kama wenyeji wamepona. Fedha za wageni zimejenga nyumba na kusomesha watoto, hilo nililiona. Zimefanya pia mashina ya msituni karibu na miji yawe haba, na yafuatwe mbali zaidi kila mwaka. Vijana wenye ujuzi mdogo wa nyimbo na Kiingereza kizuri wanapata wageni wengi kuliko wazee.

Na si fedha peke yake. Mwaka 1986 Mmarekani Loren Miller alipewa hataza nchini kwake juu ya aina ya mmea wa ayahuasca iliyotoka Ekuado. Hebu fikiria: mmea uliokuwa ukipandwa kwenye bustani za watu tangu zamani, ghafla ukapata mwenyewe ofisini Washington. Shirikisho la watu wa asili wa Amazon, COICA, lilipinga. Mwaka 1999 hataza ikafutwa, 2001 ikarudishwa, na 2003 muda wake ukaisha. Peru yenyewe, mwaka 2008, ilitangaza ujuzi na matumizi ya jadi ya ayahuasca ya jamii za asili kuwa urithi wa utamaduni wa taifa.

Mwaka 2018, mwezi Aprili, mzee Olivia Arévalo, mwanamke wa Kishipibo aliyeheshimiwa kwa nyimbo zake za tiba, aliuawa kwa risasi nyumbani kwao wilayani Yarinacocha. Raia wa Kanada aliyetuhumiwa, ambaye alifika huko kutafuta dawa hizo, akauawa na umati. Watu wa pale hawapendi kulizungumza. Nilijifunza kutouliza.

Kwa dada zangu nina neno la ziada. Wako wanawake, wageni na wenyeji, walioeleza kwamba walidhalilishwa na watu waliowaongoza usiku, wakiwa hawana nguvu hata ya kusimama. Usiende peke yako. Hakikisha wapo wanawake miongoni mwa wanaoongoza na wanaokesha bila kunywa. Hakuna tiba ya jadi ninayoijua inayohitaji mganga akuvue nguo gizani.

8. Ruhusa haivuki mpaka

Brazil ndiyo yenye utaratibu ulionyooka zaidi, na asili yake ina damu ya Afrika. Raimundo Irineu Serra, mjukuu wa watumwa, alizaliwa jimbo la Maranhão, akaenda Acre enzi za kugema mpira, huko akaijua dawa hii, na mwaka 1930 akaanzisha mjini Rio Branco dini iitwayo Santo Daime. Waumini huvaa sare nyeupe, hucheza kwa mistari wakitikisa kayamba na kuimba tenzi kwa Kireno, na kikombe ni sehemu ya ibada. Dini nyingine, União do Vegetal, ilianzishwa na José Gabriel da Costa mwaka 1961. Kanuni za Brazil za 2010 zinayaruhusu matumizi ya kidini, zinakataza kuifanya dawa hii biashara na kuitangaza, na zinataka mgeni ahojiwe kwanza kabla ya kupewa. Marekani nako, Mahakama ya Juu iliipa União do Vegetal ushindi mwaka 2006.

Kwetu hakuna hayo. DMT imo kwenye Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 ambayo haina utani. Hata Hispania na Meksiko watu wamekamatwa na chupa zao. Nilipoondoka Peru nilibeba daftari na kitambaa cha Kishipibo kilichotariziwa. Kitambaa kilikaguliwa mara mbili.

9. Nyumbani nako kuna wazee

Watu wakishaisikia ayahuasca hutaka kujua kama Afrika ina yake. Iko iboga ya Gaboni, mzizi wa dini ya Bwiti, uliotangazwa kuwa urithi wa taifa hilo mwaka 2000. Nayo ina masharti yake, na ibogaini iliyomo huweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Kwa hiyo narudia yaleyale ya somo la pili.

Sisi Tanzania tulikuwa na kikombe chetu, ingawa hakikuwa cha maono. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni za kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Kila mtu kikombe kimoja, kipimo kimoja, ugonjwa wowote. Madaktari walilalamika kwamba baadhi ya wagonjwa waliacha ARV. Nilikuwa bado mwanafunzi wakati huo na nilibishana sana na jamaa zangu juu ya mti wenyewe, kama unatibu au hautibu. Leo ningebishana juu ya jambo jingine: katika foleni ile ndefu, ni nani aliyekuwa akimuuliza mtu anameza nini?

Swali hilo ndilo nililolirudisha kaunta kwangu. Kabla sijampa mtu dawa ya presha au ya kisukari namuuliza: na mizizi je? Wa kwanza kukana ni wazee. Nangoja. Naongea habari nyingine, bei ya mchele, mvua. Hivi karibuni mzee mmoja kutoka Pangani, baada ya kukana vizuri kabisa, alitoa kwenye mfuko wa koti chupa ya maji iliyojaa kitu chekundu na kuiweka juu ya meza ya kioo. Nikanusa, nikauliza ni mti gani, nani kamchemshia, naye alifunzwa na nani. Mti nikaujua, hushusha presha, na juu ya vidonge vyake ungemshusha mno. Tukakubaliana kimoja kisimame kwanza, apimwe kila wiki.

Anayemchemshia ni shangazi yake, bado yu hai, na hajawahi kuulizwa na mtu yeyote wa hospitali. Amekubali niende nikamsikilize. Ameagiza nisije mikono mitupu: sukari kilo mbili, na tambuu.